Jina Katikati ya Jiwe

Mzigo uliletwa Jumamosi asubuhi, Scholastique akiwa anapiga deki, na aliyeuleta alikuwa Elimringi. Huyu Elimringi ni Mchaga mwenye mvi anayeishi Dallas, na kila mwisho wa wiki huendesha gari lake jeupe la mizigo mpaka Houston na kurudi. Watu wetu wa pande zote mbili humpa vitu: unga wa muhogo, dagaa, mawese, vitenge vya harusi, miwani ya bibi iliyosahaulika kwenye kochi. Hana duka wala ofisi. Anaandika jina lako kwenye boksi kwa kalamu nene, anafunga kamba, na Jumamosi kitu kimefika.

"Dada Scho, fungua, mikono imejaa!" aliita kutoka kwenye ngazi.

Scholastique aliegemeza mopu ukutani akafungua. Elimringi alikuwa amekumbatia boksi la kahawia, limezungushiwa utepe wa gundi kama mtu aliyelifunga alikuwa anagombana nalo.

"La nani hilo?"

"Lako. Shemeji yako Heritier, yule wa Grand Prairie, alinikimbilia nikiwa nimeshawasha gari. Hakusema ni nini, ila kwa uzito huu ni unga. Nimebeba unga miaka mingi, naujua."

"Heritier anitumie mimi unga? Ameokoka?"

"Labda amekukumbuka."

"Siku zote hizo alikuwa amelala?"

Elimringi alicheka, akanywa maji, akashuka ngazi kwenda kupeleka mizigo ya wengine. Scholastique alilisukuma boksi kwa mguu mpaka kwenye stoo ndogo ya jikoni, akaliingiza chini, kati ya gunia la mchele na unga wake mwenyewe wa muhogo. Hakulifungua. Aliapa kwamba unga wa Heritier hautaingia sufuriani mwake hata siku moja. Ukae hapo mpaka uote wadudu.

Ukitaka kujua chuki hiyo ilitoka wapi, itabidi urudi nyuma kidogo.

Scholastique alizaliwa Walungu, juu ya Bukavu, katika nyumba ambamo kaka zake walipewa madaftari na yeye akapewa jembe. Hakuwahi kukaa darasani. Alipokuwa msichana alishuka mjini akauza sombe, majani ya muhogo, katika soko la Kadutu, na hapo ndipo Mugisho alipomwona, akanunua sombe kila siku mpaka watu wakauliza kama kwao wanafuga mbuzi. Walifunga ndoa kanisani, kwa pete. Vita viliwatoa Bukavu, wakavuka ziwa, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, na humo akazaliwa binti yao Sandrine. Kisha wakaletwa Houston, wakapewa nyumba ya ghorofa ya pili hapa Sharpstown.

Scholastique alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Alifua mchana, na alipopata zamu ya ziada alifua tena, ili Mugisho apate nafasi ya kujifunza Kiingereza na kuendesha gari. Gari lenyewe lilitoka katika mikono yake, ile iliyokuwa imechubuka kwa sabuni. Mugisho alipojua kuliendesha vizuri alisema kaka yake mdogo, Heritier, amempatia kazi ghalani huko Grand Prairie. Ni kwa muda tu, alisema, mpaka tukae sawa. Akaondoka na gari.

Hakurudi. Huko ghalani alikuwa amempata Fanny, mwanamke mdogo mwenye meno mazuri, wakapanga nyumba pamoja. Heritier alijua tangu siku ya kwanza. Alikula mezani kwa Fanny kila Jumapili, na Scholastique akipiga simu alikuwa anajibu vilevile: "Kaka yuko kazini, shemeji. Huku kazi ni nyingi." Miaka ilikwenda. Scholastique alisimama kituo cha basi kwenye mvua na kwenye jua la Texas linaloyeyusha kandambili, akiangalia magari yanavyopita, na kila gari la rangi ile lilimfanya ageuze shingo.

Halafu Mugisho akafa. Moyo ulisimama ghafla, akiwa anavaa viatu. Mke wake wa pete hakupigiwa simu. Aliona kwenye WhatsApp wakati wa mapumziko, kati ya picha za maua na sala za asubuhi: Mugisho ndani ya suti ya kijivu, ile aliyomchagulia yeye, pembeni mshumaa na utepe mweusi. Akapiga Grand Prairie mpaka Heritier akapokea. Walikuwa wameshamaliza. Kumsafirisha Bukavu haikuwezekana, uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa tangu vita viingie mjini. Basi wakaketi, wakashauriana, mtu mmoja akasema majivu yanaweza kusubiri, siku njia ikifunguka mtu anayabeba kwenye begi. Wakampeleka kwenye tanuri.

"Mlimchoma?" aliuliza Scholastique. "Mtoto wa watu, mlimchoma kama takataka?"

"Ndivyo wanavyofanya huku, shemeji."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Heritier alisema mtandao unasumbua, akakata.

Akina mama wa jumuiya walikuja Sharpstown kumpa pole, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakiangaliana. Hawakujua wampe pole ya nini, ya kufiwa au ya kuachwa. Hakukuwa na kaburi, hakuna aliyetupa udongo. Kwao Scholastique, matanga hayaondolewi mpaka mwenyewe amelazwa. Mjane hubaki kama alivyo, na nguo yake nyeusi, hasuki nywele, haalikwi harusini. Waliimba nyimbo mbili, wakanywa chai, wakaenda.

Hayo ndiyo yaliyomfanya alisukume boksi kwa mguu.

Zilipita wiki kadhaa. Jioni moja alikuwa anasonga fufu, ugali wa muhogo, Heritier akapiga simu. Sauti yake ilikuwa laini kupita kawaida.

"Shemeji, muko salama?"

"Tuko."

"Na kaka naye?"

"Kaka gani?"

"Kaka Mugisho. Elimringi hakumufikisha?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Scholastique aligeuza kichwa polepole akautazama mlango wa stoo, kisha akaitazama fufu.

"Heritier. Ulinitumia nini?"

"Si nilikutumia kaka? Kusema kwa simu ilinishinda. Nikasema akifungua ataona."

"Ulimfunga mtu na gundi ukampa Elimringi?"

"Sasa mimi ningemuweka wapi? Fanny amemukataa, anasema akibaki naye peke yake anasikia viatu. Kwangu bibi yangu amesema nichague yeye ama boksi. Wewe njo mke wa pete, shemeji. Ni wako."

"Alipokuwa na miguu alikuwa wa Grand Prairie," alisema Scholastique. "Amekuwa majivu, amekuwa wangu?"

"Usiseme hivyo. Kama unaona ni muzigo, bon, tugawe. Nusu ibaki kwako, nusu tungoje njia ya Bukavu."

Scholastique alikata simu. Alimwaga fufu yote, akautupa unga, akautupa na mchele, akaosha sufuria mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Kisha akapiga magoti mbele ya stoo, akakata gundi kwa kisu. Ndani kulikuwa na kisanduku cheusi, kizito, kimefungwa vizuri, na jina la Mugisho limebandikwa juu. Herufi hizo alizijua kwa umbo, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye cheti cha ndoa ukutani kwake Nyarugusu. Alikaa nacho sakafuni. Alitaka kulia, badala yake akakumbuka kwamba siku mbili nzima alikuwa ameegemeza ndoo ya taka juu ya mumewe, na akaona aibu, na kisha akakasirika kwamba ameona aibu.

Alipompigia Elimringi, mzee wa watu alipiga ukelele.

"Mungu wangu! Dada Scho, nilimwekea kreti za soda juu! Nilisimama Centerville nikala kuku, nikampigia muziki njia nzima!"

"Alipenda muziki."

"Na mimi nilikuwa naongea peke yangu humo, dada. Nimemsema mke wangu mwanzo mpaka mwisho wa safari."

"Hatamwambia mtu."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini baada ya kuweka simu mdomo wake ulicheza kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile picha ya utepe mweusi.

Tangu siku hiyo fufu ilimshinda. Akiona unga wowote mweupe anageuza uso. Mwanamke aliyekula fufu tangu aote meno sasa alikuwa anakula mkate na mayai, na anakonda. Sandrine, aliyekuwa anasomea unesi na kulala chumba cha pili, alipita jikoni akiambaa ukuta wa mbali, kama mama yake.

"Mama, siwezi ku-sleep na hiyo kitu hapo."

"Hiyo kitu ni baba yako."

"I know. Ndiyo maana." Sandrine alifungua friji, akaifunga bila kuchukua kitu. "Mama, na ule ukuta wa kanisa la Stafford? Si wanaweka watu pale?"

"Ukuta gani?"

"Ule wenye vimilango, pembeni ya maegesho."

Scholastique alimtazama. Kila mwezi walikwenda Stafford kwenye misa ya Kiswahili, na kila mwezi alipita mbele ya ukuta ule wa mawe ya kijivu, wenye vimilango vya mraba safu juu ya safu. Kwenye majengo yao ya Sharpstown kuna ukuta kama huo chini ya ngazi, na humo ndimo posta inamotia barua. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba kanisa la Stafford linawawekea waumini wake barua zao, na mara moja aliwahi kumwambia mama mwenzake kwamba Wamarekani wamezidi, hata barua wanakuja kuzichukulia kwa Mungu.

Padri Onyancha, Mkenya kutoka Kisii anayesoma misa hiyo, aliposikia habari ya barua alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akatulia, akampeleka Scholastique mpaka ukutani.

"Haya ni mashubaka, mama. Hawa wote ni waumini wetu."

"Wamo humo?"

"Wamo. Wanangoja ufufuko kama wale wa udongoni."

"Wamechomwa wote?"

"Wote. Mimi mwenyewe nilipofika hapa niliogopa. Kwetu ukitaja habari ya kumchoma mtu, kikao kinavunjika."

Scholastique aliweka kiganja kwenye jiwe moja. Lilikuwa na joto la jua. Aliuliza lile lililokuwa linamsumbua, kwa sauti ya chini, kana kwamba Mugisho angeweza kusikia kutoka Sharpstown: "Padri, Mungu ataweza kumkusanya?"

"Alimfanya kutokana na mavumbi mara ya kwanza. Mara ya pili itamshinda?"

"Shemeji anataka tumgawe nusu kwa nusu."

"Hapana. Mtu hagawanywi kama nyama ya sikukuu. Kanisa linataka alazwe pamoja, mahali patakatifu. Si kabatini, si stoo."

Moyo wake ulishuka mahali pake. Kumbe palikuwa na mahali. Siyo Bukavu, wala si udongo, lakini ni mlango unaofungwa, na padri wa kuubariki, na watu wa kuimba. Mtu huyo angeweza kutoka jikoni kwake. Alikuwa tayari kusema ndiyo, na padri akaongeza neno moja.

"Kila shubaka ni la wawili."

"La wawili nani?"

"Mume na mke. Tazama." Alimwonyesha jiwe. Upande wa kushoto palikuwa na jina la mwanamume, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Upande wa kulia jina la mwanamke, mwaka mmoja, kistari, na baada ya kistari hakuna kitu.

"Huyu mwaka wake mwingine umefutika?"

"Huyu yuko hai, mama. Ndiye yule bibi anayepanga maua altareni."

"Na anapita hapa anaona jina lake?"

"Kila Jumapili. Analipangusa vumbi."

Scholastique aliuondoa mkono wake ukutani kama amegusa jiko. Alijiona na yeye: jina lake limechongwa, kistari kimenyooshwa, na nyuma ya jiwe Mugisho amekaa na nafasi tupu ubavuni. Miaka yote ile Grand Prairie hakumngoja hata siku moja. Sasa amngoje huku, mbele za watu?

"Padri, yule mtu alinitoka. Nikimweka humu, na upande wa pili uko wazi, kila atakayepita atasema unamngoja Scholastique."

"Hakuna wa kukulazimisha kuingia."

"Jiwe litanilazimisha."

Padri Onyancha alikuna kidevu. Mwishowe alisema kwamba wampumzishe marehemu kwanza. Jiwe la mbele litakuwa tupu siku hiyo, fundi atalichonga baadaye. "Siku ya maziko utaniambia kiandikwe nini. Wewe ndiye mke wake wa ndoa, neno ni lako."

Neno lake. Scholastique alirudi nyumbani na maneno hayo yakimwasha. Hakuna aliyewahi kumwuliza kiandikwe nini. Kambini aliandikwa na makarani, wakakosea hata mwezi wake wa kuzaliwa, na mpaka leo anasherehekea siku ambayo si yake. Hotelini Sandrine ndiye aliyemjazia karatasi. Sasa ni jiwe.

Heritier alipopata habari alipiga simu siku hiyohiyo.

"Shemeji, ni vizuri, ni vizuri kabisa. Wazee wamekaa, wamesema majina yote mawili yaandikwe. Mugisho na Scholastique."

"Wazee gani? Wewe na nani?"

"Familia. Mke wa pete analala pembeni ya bwana yake. Ukikataa, Bukavu tutawaambia nini? Kwamba ulimutia kaka kwenye ukuta wa wazungu ukajiendea?"

"Na Fanny, mtawaambia nini kuhusu Fanny?"

"Mambo ya Fanny tuyaache."

"Mliyaacha wakati mnakula kuku wake."

Alisema hivyo na akakata simu, lakini maneno ya Heritier yalibaki nyumbani. Akina mama wawili wa jumuiya walimpigia kumwambia akubali, ni maandishi tu. Hata Sandrine alisema, "Mama, just put it, nani anaangalia?" Kuna asubuhi aliamka akiwa amekubali, akapiga mswaki akiwa amekataa. Kilichomtisha si kufa. Kilichomtisha ni kwamba mtu aliyemwacha kituoni kwenye mvua angepewa hakika ya kukutwa naye mwishoni, bila kuomba, bila hata kusema pole.

Walichagua Jumamosi. Elimringi alifika wa kwanza, gari limeoshwa, amevaa koti na tai. "Nilimleta bila heshima," alisema. "Acha leo nimsindikize kama mtu." Alikibeba kisanduku kwa mikono miwili kutoka Sharpstown, akakiweka kiti cha mbele, akakifunga mkanda, na njia yote mpaka Stafford hakuwasha muziki wala hakumsema mke wake.

Heritier alikuja kutoka Grand Prairie na jamaa wachache, amevaa miwani myeusi. Kwaya ya misa ya Kiswahili ilisimama kivulini ikiimba. Shubaka lilikuwa limefunguliwa, kichumba safi cha jiwe, na Scholastique aliona mwenyewe nafasi yake: kisanduku kingekaa kushoto, na kulia kungebaki upana uleule.

Hapo ndipo alipoliona lile gari. Lilikuwa limeegeshwa mwisho kabisa wa maegesho, lile gari lake aliloondoka nalo Mugisho, rangi imepauka, taa moja imevunjika. Ndani yake mwanamke alikuwa ameinamia usukani.

"Nani kamleta?" aliuliza.

"Amekuja mwenyewe," alisema Heritier haraka. "Hatashuka. Nilimukataza."

"Wewe unamkataza mtu kwenye maziko yangu?"

Alitembea mpaka kwenye gari. Kwaya ikaacha kuimba katikati ya ubeti, maana wote walitaka kusikia. Aligonga kioo. Fanny aliteremsha kioo. Macho yalikuwa yamevimba, na ule uzuri wa meno haukuonekana.

"Yaya," alisema Fanny, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

"Nani yaya yako?"

"Mama, basi. Nisamehe mama. Nilitaka kumuona akiingia tu, nirudi."

"Shuka."

Fanny alishuka. Alikuwa mfupi kuliko Scholastique alivyomfikiria miaka yote hiyo. Walirudi wakiwa wameachana hatua kadhaa, na Scholastique akamwambia Elimringi ampe kisanduku.

"Mimi nilimbeba kutoka Kadutu mpaka Texas," alimwambia Fanny. "Kipande hiki kilichobaki, mbebe wewe."

Fanny alikipokea, akakikumbatia kifuani. Padri alisoma, akanyunyiza maji, kwaya ikapata sauti tena. Fanny alisogea akakiingiza kisanduku, akakisukuma polepole upande wa kushoto, na akabaki ameinama akitazama ile nafasi tupu.

"Unaiona?" aliuliza Scholastique nyuma yake. "Hiyo ni ya mke. Mimi siitaki. Kama unaitaka wewe, nitamwambia padri sasa hivi."

Watu waligeuza shingo kwa pamoja. Heritier alivua miwani.

Fanny aligeuka. Alitazama shubaka, akamtazama Scholastique, na akasema kama mtoto anayeulizwa kama anataka dawa: "Mama, mimi naogopa moto."

"Hata mimi."

"Na tena..." Fanny alijifuta pua. "Tena anakoroma."

Scholastique alikaza uso. "Bado alikuwa anakoroma?"

"Mpaka ile juma ya mwisho! Jirani wa chini alikuwa anagonga na fimbo ya ufagio!"

"Nyarugusu walitugongea bati."

Kicheko kilianza tumboni kwa Scholastique, akakizuia kwa kitenge, kikatokea puani. Fanny naye akashindwa. Wanawake wawili walisimama mbele ya ukuta wa wafu wakicheka mpaka machozi, na Elimringi akageukia shubaka la jirani, lile la mume na yule bibi wa maua, akasema kwa heshima, "Poleni majirani." Hata padri alitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

Fundi wa kanisa alirudisha jiwe tupu mahali pake na kulikaza. Padri Onyancha alitoa kalamu mfukoni.

"Mama, kiandikwe nini?"

Heritier alipiga hatua mbele. "Majina mawili, padri. Tulishakaa—"

"Ameulizwa mama," alisema padri.

Scholastique alilitazama jiwe. Hakujua kusoma, lakini katikati anapajua kila mtu. Aliweka kidole hapo.

"Andikeni jina lake hapa. Katikati. Na kwa herufi kubwa, lijaze jiwe."

"Katikati?" alisema Heritier. "Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nitakaa Sharpstown."

Padri aliandika, akachora mraba mdogo na jina katikati yake, akamwonyesha. Kushoto hapakuwa na nafasi, kulia hapakuwa na nafasi. Palikuwa na Mugisho peke yake, amepata kitanda kizima.

"Likishachongwa hivi haliongezwi jina," alimwonya.

"Ndivyo ninavyotaka."

Heritier alinung'unika kuhusu Bukavu, kuhusu wazee. Scholastique alimwambia kwamba Bukavu awaambie kaka yao amelazwa vizuri, ameombewa, hajagawanywa, hayuko tena katikati ya mchele. Na kama wazee wanaona nafasi imepotea bure, Heritier ni ndugu wa damu, anaweza kununua la jirani. Heritier alivaa miwani yake.

Hakuwa amemsamehe Mugisho, na siku hiyo hakuna aliyemwomba amsamehe. Hakumkumbatia Fanny pia. Alimwambia tu abadilishe taa ya gari kabla polisi hawajamsimamisha, na Fanny akasema, "Ndiyo mama," akaondoka taratibu.

Nyumbani alivua ile nguo nyeusi akaitia kwenye mfuko, akaoga maji mengi. Akina mama wa jumuiya walikuja, safari hii wakijua wamekuja kwa nini: waliondoa matanga, wakamsuka nywele, wakamfunga kitenge cha njano ambacho Sandrine alisema kinaumiza macho. Stoo ilikuwa wazi, imepigwa sabuni, mlango umeachwa wazi upate hewa. Scholastique alipita mbele yake kwenda kuchukua sukari, akarudi, na alikuwa ameshapita tena kabla hajatambua kwamba hakuambaa ukuta.

Jumamosi iliyofuata Elimringi alipiga hodi, mikono imejaa.

"Unga wa muhogo, dada Scho. Nimekuletea mwenyewe, zawadi."

Scholastique alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiutazama mfuko.

"Una hakika ni unga?"

"Dada," alisema Elimringi, ndevu zake zikiwa na vumbi jeupe, "nimefungua, nimeonja."

Akampisha aingie, akabandika maji ya fufu.